Misimbo ya magonjwa ya neva moja moja

Hizi ni alama za herufi na tarakimu zinazotumika hospitalini kuandika utambuzi wa ugonjwa ulioshika neva moja nje ya ubongo na uti wa mgongo. Katika toleo la 10 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa (ICD-10), lililoidhinishwa mwaka 1990, G56 ni ya mkono, G57 ya mguu na G58 ya neva nyingine, zikiwemo za katikati ya mbavu.

Unaofahamika zaidi ni G56.0: neva ya mediani imebanwa kwenye kifundo cha mkono, na vidole, kuanzia gumba, hufa ganzi, hasa usiku. Kidole kidogo husalimika, kwa kuwa huhudumiwa na neva ya ulna, yenye msimbo G56.2. Marekani imeongeza tarakimu ya upande: G56.01 ni mkono wa kulia, G56.02 wa kushoto, G56.03 mikono yote miwili.

Chanzo hubadili msimbo. Neva iliyokatwa na panga huandikwa katika kundi S, la majeraha. Iliyoharibiwa na kisukari hupewa G59.0 pamoja na msimbo wa kisukari chenyewe. Hapa umakini wa daktari ni wa lazima. Akiandika “ganzi ya mkono” tu, karani wa kumbukumbu hubaki na R20, msimbo wa dalili, na ugonjwa wenyewe hupotea katika takwimu.

Katika ICD-11, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, G56.0 imekuwa 8C10.0.