Njia Waliyoipita Wapagazi

Mtu wa Bukene akitaka kwenda Tabora ana njia mbili zinazojulikana na wengi. Aweza kusubiri treni stesheni, au apande gari mpaka Nzega na hapo ashike barabara kuu ya kusini. Zote mbili nimezipita mara nyingi, wala sikupata kujiuliza watu walipita wapi kabla hazijakuwapo.

Reli ya kutoka pwani ilifika Tabora mwaka 1912, na tawi lake la Mwanza, lipitalo Bukene, likakamilika mwaka 1928. Lakini miaka 70 nyuma, mwezi wa Julai 1858, Mwingereza John Speke aliondoka Tabora, ambayo wakati huo aliijua kwa jina la Kaze, akaelekea kaskazini. Mwanzoni mwa Agosti alikuwa ukingoni mwa Ziwa Nyanza. Hakufyeka pori. Alifuata njia za miguu zilizokuwapo, akiwa na wapagazi wake na Sidi Mubarak Bombay, aliyekuwa mkalimani. Vitabu vikaandika kuwa Speke amevumbua ziwa.

Njia hizo zilikuwa kazi ya miguu ya Wanyamwezi. Wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha, vijana walijitwika pembe za ndovu wakashuka pwani, kila mmoja na mzigo wa karibu frasila mbili, yaani kilo 30 na zaidi. Mbele alitangulia kirangozi. Kwa vijana wengi safari hiyo ilikuwa kipimo cha uanaume. Hata hivyo tusijipendelee: njia hiyo hiyo ilipitisha watumwa, na miongoni mwa wazee wetu walikuwamo waliowauza wenzao.

Mwenye njia ndiye aliyekuwa mwenye nchi. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo aliifunga njia ya Ujiji, na Henry Stanley, aliyekuwa akimtafuta David Livingstone, akalazimika kuzunguka kwa kusini.

Nje kidogo ya mji wa Tabora, mahali paitwapo Kwihara, lipo tembe walimokaa wawili hao mwaka 1872. Lilijengwa upya mwaka 1957, na leo ni makumbusho. Mgeni huonyeshwa nyumba, akaambiwa Livingstone aliishi humo. Ni kweli, lakini sababu ya kukaa kwake yafaa isemwe pia. Stanley aliondoka mwezi wa Machi. Livingstone akabaki mpaka Agosti akiwangoja watu wa kumbebea mizigo, ambao Stanley aliwatuma kutoka pwani. Bila wao hakuweza kusogea. Na alipofariki mwaka 1873, Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili wake kupitia Unyanyembe hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Alirudi kwao juu ya mabega ya watu.

Mwaka 2006 Tanzania ilipendekeza njia hii ya watumwa na pembe iwe urithi wa dunia. Vilitajwa vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Nilifurahi kuisoma orodha ile. Lakini vituo ni mahali watu walipolala. Kati ya kituo na kituo ndipo walipotembea, walipougua, na ndipo wengine walipozikwa kando ya njia bila jiwe.

Sidai nyumba ya Livingstone isahauliwe. Nasema tu kwamba kuta za tembe zaweza kujengwa upya, kama zilivyojengwa, bali njia ya miguu ikishalimwa mara mbili tatu haionekani tena. Yuko bado, katika vijiji vyetu, mzee awezaye kunyosha mkono na kusema, wapagazi walipita hapa, walichota maji pale. Yafaa tumfuate shambani tukiwa na kalamu, angali na nguvu za kututangulia.