Milango ya Land Rover za Mnada

Watu wengi wanaonunua Land Rover ya jeshi kwenye mnada hukagua injini, gia na magurudumu, halafu wakifika Kitale ndipo wanapogundua kwamba mlango wa dereva haufungi mpaka ubamizwe, na wa abiria unashikiliwa na kamba ya katani. Wanakuja kwangu wakitaka mlango mwingine. Mimi huwaambia mlango hauna kosa, tulale kwanza chini ya gari.

Chanzo cha taabu hii ni cha zamani. Land Rover ilipoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948, Uingereza ilikuwa bado inagawa chuma kwa mgao, na alumini ilipatikana kwa urahisi zaidi baada ya vita. Ndiyo maana bodi ikawa ya alumini, ikafungwa kwa bolti na ribiti juu ya chasisi ya chuma. Hata mlango ni fremu ya chuma iliyovishwa bati la alumini. Maji yakijificha katikati ya hizo mbili, alumini huanza kuliwa na kutoa unga mweupe, na ukiona unga huo kwenye ukingo wa chini jua fremu nayo imeshaoza.

Kwa jeshi, gari la kufunguliwa kwa spana lilikuwa neema. Nusu ya juu ya mlango hutoka ukilegeza nati mbili, mlango mzima hung'olewa, turubai likakunjwa, kazi ikaendelea. Wakati wa kurudisha, nani alikumbuka mlango upi ni wa gari lipi? Nikikwangua rangi ya juu hukuta kijani cha kushoto si kijani cha kulia. Mlango wa namna hiyo ulizoea miguu ya gari jingine.

Huku kwetu kazi hii ilianzia mashambani. Baada ya mpango wa 1919 wa kuwapa wanajeshi wa Kizungu ardhi, na reli kufika Kitale mwaka 1926, Trans Nzoia ikawa nchi ya mahindi na mashine, na shamba kubwa halikukosa karakana yake. Mzee aliyenifundisha, Mbukusu, alianza akiwa kijana wa kushikia tochi na kupokeza spana. Kuanzia 1962 mashamba ya walowezi yalipokatwa vipande katika mpango wa ekari milioni moja, hata upande wa Bungoma kule Naitiri na Ndalu, mafundi kama yeye walibeba nyundo zao wakahamia kando ya barabara. Rais Moi alipowatembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, mwaka 1985, na jua kali, yaani ufundi huu wa kando ya barabara, ikaanza kuzungumzwa serikalini, mzee alikuwa ameshachomwa na jua hilo miaka ishirini.

Alichonifundisha ni subira. Gari lisimame mahali tambarare, upepo wa matairi uwe sawa. Unapima chasisi kwa uzi, pembe hadi pembe. Kisha unatazama ukuta wa chuma unaotenganisha injini na dereva, kwa sababu bawaba zimefungwa hapo. Miguu yake ikioza, ukuta hulala nyuma kidogo na mlango hukosa pa kuingia. Ukishauponya, legeza bolti za bodi ya nyuma, usikaze kitu. Tundika milango yote miwili, ifunge, chomeka vipande vya patipati kuukuu kwenye mapengo, kisha sogeza bodi mpaka mapengo yalingane. Hapo ndipo unapokaza, pole pole, upande huu na ule. Anayekaza kwanza halafu akatundika mlango atautwanga nyundo hadi jioni.

Na nyundo yenyewe ni ya mbao. Alumini haigeuki nyekundu kabla ya kuyeyuka, kwa hiyo tunaipaka sabuni ya kipande, tunaipasha moto kutoka upande wa pili, na sabuni ikigeuka hudhurungi iliyoiva, tunaondoa moto. Bati limelainika, sasa linyooshe. Kuna vijana wanaojaza mabonde yote kwa puti na kupaka rangi. Mvua ya Aprili moja tu, na puti inabanduka kama ganda la yai.

Wateja wagumu zaidi hutoka Bungoma, mlima Elgon. Miaka mingi Land Rover ndizo zilikuwa matatu za Kapsokwony na Kopsiro, abiria wakining'inia nyuma na juu ya paa. Chasisi iliyobebeshwa hivyo kwenye matope ya mlima hujipinda, na hata mlango ulionyooka vipi utasugua. Nimewaambia wenyewe mara nyingi: “Mzee, mimi nanyoosha mlango, wewe punguza watu.” Hucheka, wananilipa nusu.

Barabara zikiendelea kutengenezwa, Probox zinachukua abiria. Land Rover zilizobaki zinashusha viazi na vitunguu hadi soko la Chwele, na wenyewe wengi wameshang'oa mlango wa nyuma kabisa ili magunia yaingie, kwa hiyo siku hizi nahesabu milango miwili tu kwa gari.