Mvua Haiombi Ruhusa

Simu ya kazi iliingia nikiwa stendi ya mabasi Shinyanga, nimekaa juu ya gunia la mchele la mama. Afisa rasilimali watu alisoma majina yangu yote matatu, akanipongeza, akasema wananitegemea Geita tarehe 2 Mei. Nilisema asante mara tatu. Sikusema kwamba tarehe 24 ya mwezi huohuo nilikuwa nasafiri, na kwamba nisingerudi hadi mwisho wa Juni.

Tiketi zilikuwa zimeshakatwa. Mbili, yangu na ya mama, hadi Montreal, Kanada, alikoolewa dada yangu. Walikuwa hawajaonana kwa miaka tisa, na katika miaka hiyo walikuwa wamezaliwa wajukuu wawili ambao mama aliwajua kwa sauti ya simu tu. Mama hajawahi kupanda ndege. Anajua Kisukuma na Kiswahili, basi. Viza ilituchukua miezi. Kulipia safari aliuza ng'ombe wanne, na kwetu mtu hauzi ng'ombe wanne kwa jambo la mzaha.

Upande wa pili, nilikuwa sijapata ajira ya maana kwa mwaka na nusu. Kazi yenyewe ilikuwa ya kampuni ndogo inayohudumia migodi, yenye mshahara, bima na kitanda kambini. Kwa kijana wa Shinyanga kazi ya mgodini Geita si jambo dogo. Wanaoitaka ni wengi kuliko viti.

Rafiki zangu walinishauri kwa sauti moja: funga mdomo, saini kwanza. Ukishaingia, utajua la kusema. Mmoja alipendekeza msiba wa uongo. Mjomba wangu alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Babu yako alikuwa anasema kabla hajashika chepe."

Nilikuwa nimeisikia habari hiyo tangu utoto bila kuitilia maanani. Babu mzaa mama alifanya kazi Mwadui miaka ya 1950. Siku alipoandikwa, alimwambia karani kwamba mvua za kwanza zikinyesha atakwenda kulima, na kwamba akimaliza kupalilia atarudi. Karani akamwuliza kama anaomba ruhusa. Babu akajibu kwamba mvua haiombi ruhusa kwa mtu, na yeye anatoa taarifa tu. Akaandikwa hivyohivyo. Inawezekana habari hii imeongezwa chumvi mezani kwetu kwa miaka sabini. Lakini nilipoanza kusoma historia ya kazi katika nchi hii, nikaona babu hakuwa mkaidi wa peke yake. Alikuwa anafuata desturi ya zamani kuliko mgodi.

Karne ya 19, kabla ya reli, pembe za ndovu na nguo zilisafiri kati ya Tabora na Bagamoyo mabegani mwa watu. Wengi wao walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma. Mpagazi alibeba karibu frasila mbili, yaani kilo 30 na zaidi, kwa mwendo wa miezi miwili hadi mitatu. Hakuwa mtumwa. Alipatana malipo na posho kabla ya kuinua mzigo, na wapagazi wa msafara mmoja waliweza kugoma pamoja, mizigo ikabaki chini mpaka mambo yarekebishwe.

Safari hizo zilikuwa na msimu wake. Mavuno yakishaingia, kiangazi kikishika, vijana wa Unyamwezi walishuka pwani. Mvua zikikaribia walitaka kuwa nyumbani, kwa sababu shamba lisilolimwa Novemba halina mavuno ya kumlisha mtu mwaka unaofuata. Tajiri aliyetaka msafara katika majira ya kulima alipata watu wachache, tena kwa bei kubwa. Vitabu vya wasafiri wa Ulaya vimejaa malalamiko kuhusu wapagazi waliowaachia njiani. Utoro ulikuwepo kweli, lakini mara nyingine mgeni aliita utoro kile ambacho mwenyeji alikuwa amekipanga tangu mwanzo: mtu mwenye kazi mbili kwenda kuitimiza ile ya pili.

Hata kijijini, kutokuwepo kulikuwa na utaratibu. Katika Usukuma vijana walilima kwa zamu chini ya kiongozi wao, nsumba ntale. Aliyekosa kazi ya pamoja bila sababu alitozwa faini. Aliyekuwa na safari alisema mapema. Na mavuno yalipokwisha, ulikuwa msimu wa ngoma, Bagika na Bagalu wakishindana kuvuta watazamaji, na hakuna aliyeona ajabu watu wakiacha shughuli nyingine. Kwa hiyo kupumzika na kuondoka kulikuwa ndani ya kalenda ya kazi yenyewe, na ukubwa wa kosa haukuwa kuondoka bali kuondoka kimya.

Ukoloni uliigeuza kanuni hiyo. Chini ya Waingereza, sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923 iliruhusu mfanyakazi aliyeacha kazi kabla ya mkataba kwisha ashitakiwe kama mhalifu, kwa faini au kifungo. Tajiri aliyevunja ahadi alikuwa na deni. Mfanyakazi aliyevunja ahadi alikuwa na kesi. Hata hivyo watu walitafuta upenyo, na upenyo mmoja ulikuwa kipande. Katika mashamba ya mkonge kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, na siku hizo zilikuwa za kazi, si za kalenda. Uliyemaliza siku yako ulitiwa alama, ukilala, hukutiwa. Kadi ikijaa unalipwa. Mameneja walilalamika kwamba watu hawaji kila siku. Wafanyakazi nao walikuwa wamejipatia mapumziko, ingawa hayakuwa na malipo.

Reli ya Tabora hadi Mwanza ilipita Shinyanga ikafika ziwani mwaka 1928. Dhahabu ya Geita ilikuwa imejulikana tangu enzi za Wajerumani, na miaka ya 1930 mgodi mkubwa ukafunguliwa, ukaendelea hadi 1966. Mwaka 1940 mwanajiolojia John Williamson akagundua almasi Mwadui. Alikuwa Mkanada aliyezaliwa Montfort, Quebec, na kusoma McGill, chuo kilichopo Montreal, mji uleule ulioandikwa kwenye tiketi ya mama. Kutoka Mwadui, mwaka 1947, lilitoka jiwe la waridi la karati 54.5 ambalo Williamson alimzawadia Princess Elizabeth kwa harusi yake. Kuzunguka shimo ukajengwa mji mzima wenye nyumba, shule, hospitali na uwanja wa ndege, wote ndani ya uzio. Almasi ni ndogo, hufichika kinywani, kwa hiyo kuingia na kutoka kulikuwa jambo la kukaguliwa. Humo ndimo babu alimotangaza kwamba mvua ikinyesha atatoka.

Wakati huo likizo yenye malipo ilikuwa bado jambo changa hata kwa wenzetu wa mbali. Ufaransa iliwapa wafanyakazi wote wiki mbili mwaka 1936, baada ya migomo mikubwa. Mwaka huohuo Shirika la Kazi Duniani likapitisha mkataba wake wa kwanza wa likizo zenye malipo. Kwetu, baada ya uhuru, sheria ya usalama wa ajira ya 1964 ilimzuia mwajiri kumfukuza mtu kwa hasira ya asubuhi moja, ikaweka kamati za wafanyakazi mahali pa kazi. Polepole, lugha nayo ikabadilika. Wazee wetu wanasema ruhusa, neno la mtu anayeomba. Sisi tunasema likizo, neno la mtu anayedai chake.

Lakini je, mwezi wa kwanza kazini mtu anadai nini? Nilikwenda kuisoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na majibu yake hayakunifurahisha. Mfanyakazi ana haki ya siku 28 mfululizo za likizo ya mwaka, sikukuu zinazoangukia humo zikihesabiwa. Lakini asiyefikisha miezi sita kazini kwa kawaida hana haki ya likizo yenye malipo. Kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki nayo haimhusu mwenye chini ya miezi sita. Na hata haki ya likizo ikishapatikana, ni mwajiri anayeweza kupanga ichukuliwe lini, ndani ya mipaka ya sheria. Kwa maneno mengine, kama ningesaini, nikanyamaza, kisha wiki ya tatu nikaomba wiki tano, nisingekuwa na kitu chochote cha kushika. Wangeweza kukataa, na wangekuwa sahihi. Ningechagua kati ya mama na kazi nikiwa uwanja wa ndege.

Kabla ya kusaini, hata hivyo, nilikuwa na kitu. Walikuwa wameshanichagua, nami nilikuwa sijakubali. Muda huo ni mfupi sana katika maisha ya mwajiriwa, na ndio muda pekee ambao pande zote mbili zinapatana zikiwa zimesimama. Wapagazi waliujua: ulikuwa ule wakati mzigo ungali chini.

Nilipiga simu kesho yake saa tatu asubuhi. Mikono ilinitoka jasho. Nilisema nimefurahi kupata nafasi na ninaitaka, ila kuna jambo nataka walijue kabla sijasaini. Nikataja tarehe. Nikasema tiketi zilikatwa kabla sijafanya usaili, kwamba namsindikiza mzazi ambaye hawezi kusafiri peke yake, na kwamba siombi kulipwa kwa siku ambazo sitakuwepo. Nikatoa njia mbili: nianze tarehe 2 Mei kisha niende bila malipo, au nianze nikisharudi.

Palikuwa na kimya kirefu. Kisha yule dada akauliza, "Kwa nini hukusema kwenye usaili?"

Nikamwambia ukweli: niliogopa. Akacheka kidogo, akasema atanirudia.

Alinirudia baada ya siku mbili, na siku hizo mbili sikulala. Nilimwona mama akipanga vitenge kwenye begi nikawa sina ujasiri wa kumwambia lolote. Jibu lilipokuja lilikuwa la katikati. Wiki tano hawakuweza, kwa sababu nilikuwa naziba pengo la mtu aliyekwisha ondoka. Walinipa wiki tatu bila malipo, na wakataka nianze tarehe ileile ili nipitie mafunzo ya usalama kabla ya kusafiri. Niliomba iandikwe. Wakaongeza kipengele kimoja kwenye mkataba, mistari miwili, chenye tarehe ya kuondoka na ya kurudi. Nikasaini chini yake.

Nilipomweleza mama kwamba nitamfikisha lakini nitarudi kabla yake, alinyamaza. "Na kurudi?" akauliza. Dada akaahidi kutafuta mtu wa kurudi naye. Kubadilisha tiketi yangu kulitugharimu pesa ambazo hatukuwa nazo, na ng'ombe wa tano akafuata wenzake. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba kusema ukweli hakukuwa na bei.

Kabla ya kwenda Geita nilipita Nyarugusu kumwona binamu yangu, mchimbaji mdogo. Yeye hana mkataba. Analipwa kwa mgao wa viroba vya mawe, mwenye duara akitoa chake kwanza. Nilipomsimulia habari yangu ya likizo alisikiliza kama mtu anayesikiliza mambo ya nchi nyingine. Alikuwa amekosa harusi ya mdogo wake kwa sababu siku hiyo walikuwa wamefikia mwamba wenye dhahabu, na asiyekuwepo shimoni hayumo kwenye mgao. "Wewe una mtu wa kumwambia," alisema. "Mimi nimwambie nani? Mwamba?"

Nimelifikiria neno hilo mara nyingi. Historia ya likizo tunaisimulia kama historia ya siku, ngapi zilipatikana na mwaka gani. Pengine ni zaidi historia ya kuwa na mtu wa kumwambia, na mtu huyo kulazimika kusikiliza. Nsumba ntale alikuwepo. Kiongozi wa msafara alikuwepo. Mimi nilikuwa na sauti ya dada mmoja kwenye simu, na mistari miwili ya mkataba.

Alfajiri ya tarehe 24 tulipanda basi kwenda uwanja wa ndege wa Mwanza. Tulipofika Maganzo kulikuwa kumeanza kupambazuka. Mama alinigusa bega, akaonyesha kwa kidole upande wa Mwadui.

"Baba alitembea kutoka hapo hadi nyumbani," alisema. "Mvua ya kwanza tu. Tulikuwa tunamwona anakuja na chepe begani."

"Chepe ya kampuni?"

"Yake," akasema. "Alisema na hiyo aliwaambia mapema."

Kisha akafunga macho, akashika begi lake kwa mikono miwili, akalala hadi Mwanza.