Msimu wa Kiza Chini ya Gran Sasso

Mwaka 1933 Fritz Zwicky, mwanafalaki Mswisi aliyekuwa akifanya kazi California, alipima mwendo wa galaksi za kundi la Coma akaona zinakwenda kasi mno. Uzito wa nyota zionekanazo haukutosha kuzishika pamoja. Ile ziada isiyotoa nuru akaiita maada ya giza.

Mwaka 1986 Andrzej Drukier, Katherine Freese na David Spergel walitoa hoja ambayo baharia yeyote angeielewa. Ikiwa galaksi yetu imezama ndani ya maada hiyo, basi jua, likizunguka humo kwa kilomita zipatazo 220 kwa sekunde, hukabiliwa na upepo wa chembe zake. Dunia nayo hulizunguka jua kwa kilomita 30 kwa sekunde. Juni mwendo wake huongezea ule wa jua, Disemba huupunguza. Upepo huo, basi, sharti uwe na misimu, kama kusi na kaskazi, ijapokuwa tofauti yake ni ndogo sana.

Nchini Italia, chini ya mita 1,400 za mwamba wa Gran Sasso, kundi la DAMA likiongozwa na Rita Bernabei liliweka fuwele za iodidi ya sodiamu, ambayo nayo ni aina ya chumvi: kwanza kilo 100 hivi, na tangu 2003 kilo 250. Mlima ulikinga miale itokayo angani. Chembe ikigonga kiini cha atomu ndani ya fuwele, hutoka cheche ya mwanga, nayo huhesabiwa. Hesabu ikawa inapanda mwanzoni mwa Juni na kushuka Disemba, mwaka baada ya mwaka, kwa mizunguko zaidi ya ishirini. Mdundo huo haukuwa wa kubahatisha.

Ugomvi ulikuwa juu ya maana yake. Mambo mengi hufuata msimu, hata hali ya hewa juu ya mlima. Vyombo vya XENON, vilivyotumia zenoni ya kimiminika mle mle Gran Sasso, havikuona kitu. DAMA walijibu, na haki walikuwa nayo, kwamba zenoni si chumvi yao.

Ikabaki kurudia kwa chumvi ile ile. Kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko inavyosikika, kwani potasiamu kidogo tu ndani ya fuwele hutoa cheche za uongo. Korea Kusini, jaribio la COSINE-100 lilianza 2016 kwa kilo 106. Hispania, chini ya milima ya Pirenei, ANAIS lilianza 2017 kwa kilo 112.5. Kila moja lilihesabu kwa miaka ipatayo sita. Matokeo ya 2025 yalifanana: Juni haikupanda, Disemba haikushuka.

Kilichozichezesha fuwele za Gran Sasso muda wote huo hakijapata maelezo yanayokubaliwa na wote.