UFAFANUZI: Kupunguza uzito wa kifyatulio cha bunduki ya shabaha

Uzito wa kifyatulio ni nguvu inayohitajika kukivuta hadi bunduki ifyatuke. Hupimwa kwa gramu: bunduki isiyo na risasi huelekezwa juu, kisha uzani huning'inizwa kwenye kifyatulio.

Walenga shabaha hupendelea kifyatulio chepesi kwa sababu kidole kinapotumia nguvu nyingi, mtutu huyumba. Hata hivyo, wepesi huo una mipaka. Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Kulenga Shabaha (ISSF) limeweka kima cha chini cha gramu 1,500 kwa bunduki ya kawaida ya meta 300, na gramu 500 kwa bastola ya upepo ya meta 10.

Uzito huo hupunguzwa kwa kurekebisha skrubu iliyowekwa na mtengenezaji, kubadilisha springi au kufunga mtambo mpya wa kifyatulio. Njia ya hatari zaidi ni kusugua vyuma vinavyoshikana ndani ya mtambo. Vikilika kupita kiasi, bunduki inaweza kufyatuka yenyewe inapoanguka au kugongwa.

Tahadhari hii ina uzito wa pekee wilayani Karatu, ambako mashamba ya baadhi ya vijiji yanapakana na msitu wa Ngorongoro wenye tembo na nyati. Uwanjani, bunduki hutiwa risasi ikiwa imeelekezwa kwenye shabaha. Shambani usiku huwapo watu, mifugo na giza; kidole chenye baridi au hofu hakihisi kifyatulio chepesi. Bunduki iliyorekebishwa kwa mashindano haifai kwa kazi hiyo. Mwananchi aliyevamiwa na wanyamapori atoe taarifa kwa uongozi wa kijiji au ofisa wanyamapori. Aidha, uwindaji hauruhusiwi ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, iliyoanzishwa mwaka 1959.

Umiliki wa silaha nchini unaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Leseni ya kumiliki silaha haimfanyi mmiliki kuwa fundi. Anayekusudia kurekebisha kifyatulio apate kwanza maelekezo ya Jeshi la Polisi, na kazi ifanywe na fundi silaha aliyeidhinishwa.

Baada ya marekebisho, bunduki ijaribiwe ikiwa haina risasi. Ikifyatuka bila kifyatulio kuguswa, isitumike tena hadi itengenezwe.