Kamera ilifundishwa kwa uso wa nani?

Umekusanya hela, uko dukani Kasulu mjini au Kibondo, na muuzaji anakwambia: "Chukua hii, ina megapikseli 50." Subiri kidogo. Picha ya kawaida ya albamu, inchi 4 kwa 6, inahitaji megapikseli 2 na ushee tu ikisafishwa vizuri. Swali la kumuuliza ni jingine kabisa: je, uso wa bibi utaonekana?

Swali hilo lina historia. Kuanzia miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ya Marekani ilisambaza kwenye maabara za kusafisha picha kadi yenye picha ya mwanamke mweupe. Mafundi waliziita kadi za Shirley, kwa jina la mwanamitindo wa kwanza. Rangi ya ngozi yake ikitoka vizuri, mashine imekaa sawa. Matokeo unayajua kama nyumbani kwenu kuna albamu za zamani: meno na shati jeupe vinang'aa, sura imezama gizani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mtengenezaji filamu Jean-Luc Godard, akiwa na kazi Msumbiji, aliilaumu filamu ya Kodak waziwazi kwamba ina ubaguzi. Na unajua nani walisikilizwa haraka zaidi? Watengenezaji wa chokoleti na samani, waliolalamika kwamba rangi za kahawia za bidhaa zao hazitofautiani pichani! Mtafiti Lorna Roth wa Kanada ndiye aliyeiandika habari hii mwaka 2009.

Kamera ya dijitali nayo ilizaliwa Kodak. Mwaka 1975 mhandisi Steven Sasson aliunda dude la kilo 3.6 hivi, lenye nukta 10,000 tu, lililotumia sekunde 23 kuhifadhi picha moja kwenye kaseti. Kemikali za filamu zikaondoka, ila tabia moja ikabaki. Kamera hupima mwanga ikidhani kwamba vyote vilivyo mbele yake, ukivichanganya, ni kijivu cha wastani. Mama akisimama mbele ya ukuta mweupe au anga la mchana, kamera inaona mwanga umezidi, inaupunguza, na uso wake unageuka kivuli. Ni mwaka 2021 tu Google walipotangaza simu iliyorekebishwa makusudi kwa ngozi nyeusi.

Huku kwetu jambo hili si la urembo. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilianzishwa 1996, na Kibondo kulianzishwa Nduta. Kwa familia iliyotawanyika, picha inaweza kuwa ndicho kitu pekee cha kumtambulisha mtoto kwa shangazi ambaye hajawahi kumwona.

Kwa hiyo tafuta kihisio kikubwa cha mwanga na lenzi yenye tundu pana (f/1.8 ni nzuri kuliko f/2.8), maana ndani ya nyumba zetu mwanga unatoka dirishani tu. Kamera za kubadilisha lenzi ni nzuri, lakini kiangazi, na vumbi hili jekundu, utakuwa unasafisha kihisio kila mara.

Halafu ijaribu hapohapo. Msimamishe mwenye ngozi nyeusi zaidi kati yenu karibu na mwenye ngozi nyeupe zaidi, mlangoni, jua likiwa nyuma yao. Gusa uso kwenye kioo, piga, kuza. Usipoona mstari wa nyusi, mrudishie muuzaji.