Mayi ya Kipwa: Namna Wazazi Wetu Walinywesha Bustani mu Lubumbashi

Kila mwaka karibu na mwezi wa 5 mvua inakatika mu Lubumbashi, na hairudi sawasawa mpaka mwezi wa 10 ao wa 11. Ndiyo kiangazi, kipwa kama tunavyosema kwetu. Anayetaka mboga wakati ule ni lazima ajue kuongoza mayi. Ujuzi huo ni urithi, lakini sisi walimu hatuufundishi.

Wazee wa zamani hawakubeba mayi, waliyafuata. Walilima mu dembo, ni kusema bondeni, penye udongo mweusi unaochunga unyevu hata mvua ikikatika. Kisha mji ulianza mu 1910. Mu kampi za Union Minière wafanyakazi walipokea posho, lakini mboga mama alizidi kuitafuta. Na mu lupango hakuna dembo: mayi ndiyo ilipashwa kuja.

Tena mu 1990 mugodi wa Kamoto ulianguka. Shaba ya Gécamines, iliyopita tani 400,000 kwa mwaka mu miaka ya 1980, ilikuwa chini ya 60,000 mu 1993. Mishahara ikakatika, ya walimu vilevile. Kwetu nyumbani mama alitoboa mukebe wa mafuta kwa musumari, ukawa arozwari yetu. Asubuhi na jioni tulishota mayi ku kisima kifupi, tukanywesha lengalenga na shu. Minervali yetu ilitoka pale.

Leo tunafanya hivi: bidoni ya litre 20 tunaikata juu na kuiweka ku miti, urefu wa metre moja. Karibu na chini, si chini kabisa, tunafunga mupira mwembamba unaopita mu mustari wa tomati. Mbele ya kila shina tunatoboa kwa shindano ya moto. Mwisho wa mupira tunaukunja na kuufunga na kamba. Mayi inatona polepole ku mizizi.

Mara ya kwanza tulishindwa. Hatukuweka kitambaa cha kuchuja, matope yakaziba matundu mu juma moja. Tena kitanda kiliinama: tomati za chini zilioga, za juu zikakauka. Mama alicheka, akasema: « Mulisahau udongo. » Alikuwa na haki. Tulisawazisha kitanda, tukafunga kitambaa, tukatandika majani makavu ku mashina kama yeye alivyozoea. Hapo ndipo bidoni ilitumika.

Kumbe kitu kipya kinasimama juu ya akili ya zamani: kunywesha muzizi, si jani, kuepuka jua la saa sita, kufunika udongo. Watoto wetu wanasema bustani ni kazi ya wamaskini. Tuwaonyeshe mukebe ule wenye matundu, tuwaambie: masomo ya baba yenu yalipita humu.